Nepi Utafua, Mtoto Humshiki

Kimya: Haloo? Nani mwenzangu?

Mama Mtoto: Wifi yako! Hata namba yangu umeifuta?

Kimya: Samahani wifi, kioo cha simu kimepasuka. Hamjambo? Mtoto hajambo?

Mama Mtoto: Mzima, na ndiyo sababu nimepiga. Ile mikono yako imepona?

Kimya: Bado. Ila nimeenda kwa daktari wa ngozi, ame—

Mama Mtoto: Bado inabambuka kama kitunguu?

Kimya: Ngozi ya juu tu. Haiwashi. Daktari kasema inafanana na pumu ya ngozi, lakini siyo. Ni ugonjwa wa nadra, na hau—

Mama Mtoto: Wa nadra! (anacheka) Watu wanaugua mafua kama wenzao, wewe umejitafutia wa peke yako.

Kimya: Hauambukizi, wifi. Kaandika kwenye karatasi.

Mama Mtoto: Karatasi umeisoma wewe, wa darasa la nne?

Kimya: Alinisomea.

Mama Mtoto: Haya. Jumamosi uje kama kawaida, nepi zimejaa beseni mbili. Ila mtoto humshiki. Mtazame ukiwa mlangoni, inatosha.

Kimya: Tangu azaliwe sijambeba hata mara moja.

Mama Mtoto: Na hutambeba. Unataka mwanangu naye abambuke?

Kimya: Ila nepi nifue?

Mama Mtoto: Si ndiyo kazi yako?

Kimya: Nikishazifua, anavaa nani?

Mama Mtoto: (mtandao unakwaruza) Sikusikii!

Kimya: Nepi ninazofua kwa mikono hii, miezi miwili sasa. Anavaa nani?

Mama Mtoto: Sabuni inaua wadudu.

Kimya: Hakuna wadudu. Hiyo sabuni ndiyo inanibambua, daktari kasema nisi—

Mama Mtoto: Daktari, daktari! Aliyekataza usimshike mtoto ni kaka yako, siyo mimi.

Kimya: Kaka?

Mama Mtoto: Eeh.

Kimya: Yupo hapo?

Mama Mtoto: Katoka. (mwanamume anakohoa)

Kimya: Na huyo anayekohoa?

Mama Mtoto: Redio.

Kimya: Kaka... Kaka, ni mimi.

Mama Mtoto: Unakuja au huji? Salio linaisha.

Kimya: Mtoto nitambeba?

Mama Mtoto: Wee! Nimeshasema.

Kimya: Basi nepi mpe kaka. Mikono yake mizima.

Mama Mtoto: Unasemaje? Nani kakufundisha kuniji—

Kimya: Mwambie maji ya kwanza yawe ya baridi, madoa yasigande. Haya, kwaheri wif—

(simu imekatika)