Mutwiri na Sauti Aliyoiacha Kibugu

Muuga, nyinyi wa Meru. Muriega, nyinyi wa Embu. Na wewe uliye mbali lakini masikio yako bado yako nyumbani, vuta kiti. Ni mimi Karwirwa. Wasikilizaji wapendwa, leo sikufungua na muziki. Muziki nimeuweka mwishoni, na sababu mtaijua.

Leo tunamkumbuka Mutwiri. Mutwiri wa Kibirichia. Wengi mlimjua pale soko la Gakoromone, yule mzee wa mbegu za viazi aliyekuwa akihudumia wateja na mkono mmoja mfukoni. Wengine mlisema ni maringo. Hayakuwa maringo, na nitawaeleza.

Mimi nilimjua kwa simu. Alikuwa akipiga hapa kituoni, si kutuma salamu wala kuomba wimbo. Alipiga kutulaumu. "Karwirwa, leo hii redio yenu inaongelea puani. Ambia fundi wako." Nilimwambia fundi, fundi akanuna. Siku nyingine mzee alikuwa na haki. Siku nyingine ilikuwa ni redio yake tu imechoka betri. Lakini alipiga, na sasa hapigi, na simu ya studio ikilia saa hizi za mchana bado nadhani ni yeye.

Mutwiri alikuwa na amplifaya ya gitaa, mashine ya kukuza sauti. Ya zamani, ya zile za valvu. Vijana, valvu ni vichupa vya kioo vilivyo ndani ya mashine, na ukiiwasha vinaiva polepole vikawa rangi ya kaa la moto. Mashine ya valvu haiharakishwi. Unaiwasha, unangoja ipate joto, ndipo iongee.

Aliipata ujanani, alipopiga gitaa katika bendi ndogo ya vijana wa Kibirichia. Bendi ilivunjika, kama bendi zote. Kila mtu akaondoka na kitu chake. Mutwiri akaondoka na amplifaya, na tangu hapo hakuacha kuifungua. Alibadilisha kapasita. Alibadilisha transfoma, akaweka iliyotoka kwenye televisheni mbovu. Alibadilisha spika. Panya walipotafuna kitambaa cha mbele, mkewe alishona kingine kutoka kwa rinda lake kuukuu lenye maua ya manjano.

Na ule mkono? Ndani ya mashine ya namna hiyo kuna stima inayoweza kuua mtu hata baada ya kuichomoa ukutani. Kwa hiyo mafundi hufundishana: mkono mmoja ukiwa kazini ndani, mwingine uweke mfukoni, stima isipate njia ya kupitia kifuani. Mutwiri alizoea hivyo hadi mkono ukabaki mfukoni hata akipima viazi. Basi, hayo ndiyo yaliyokuwa maringo yenu.

Sasa mtaniuliza, alikuwa akitafuta nini? Alikuwa akitafuta sauti moja. Sauti aliyoipata mara moja tu, Kibugu.

Bendi yao ilialikwa Kibugu, kule juu Embu kwenye majani chai, kupiga katika harambee ya shule. Walipanga vyombo vyao sokoni. Waya wa stima waliuvuta kutoka kwa kinu cha kusaga mahindi, kinu cha baba yake Njiru. Kinu kilikuwa kinasaga. Foleni ilikuwa ndefu. Na katika hiyo foleni kulikuwa na msichana anaitwa Ciku, na mdogo wake Beth.

Beth yuko hai, na hadi leo hajasamehe. Aliniambia hivi: "Ciku aliniachia mahindi. Akasema, shika laini, nasikiza hiyo gitaa kidogo tu nirudi. Hakurudi! Unga nilibeba mimi. Na nyumbani nikachapwa mimi, eti nilichelewa njiani."

Ciku alisimama mbele ya jukwaa. Mutwiri alimwona, akaacha wimbo wa bendi katikati, akaanza kupiga kitu ambacho hakijawahi kuwepo. Hakikuwa na maneno. Na amplifaya siku hiyo ilitoa sauti nene, laini, yenye mkwaruzo kidogo, kama mtu aliyetoka kulia na sasa anacheka. Mutwiri mwenyewe alishangaa. Alimwoa Ciku, na ule wimbo usio na maneno ukaitwa Ciku.

Walianza maisha katika chumba cha kupanga mjini Meru. Jioni ya kwanza Mutwiri akawasha mashine ampigie mkewe wimbo wake. Sauti haikuwa ile. Ilikuwa safi, imenyooka, haina machozi wala kicheko. Akasema ni lori. Walikuwa wameisafirisha juu ya magunia ya viazi, akaamini kuna kitu kilitikisika ndani. Akachukua bisibisi, na hapo ndipo safari ilianza.

Walijenga Kibirichia, safari ikaendelea. Kila Jumapili baada ya kanisa, Mutwiri alikaa sebuleni na mashine yake wazi. Akimaliza kulehemu alipiga ule wimbo kidogo, halafu akauliza kuelekea jikoni, "Ciku, ni hiyo?"

Na Ciku alijibu, "Imekaribia, Baba Kinya."

Kinya ni binti yao. Ni mwalimu sasa. Ananiambia alikulia kati ya maneno hayo mawili. Ni hiyo? Imekaribia. "Nilidhani ndivyo wazazi wote huongea," anasema. "Mama hakuwahi kumdanganya. Angesema tu ndiyo, Baba apumzike. Lakini alikataa. Alisema sauti hiyo ni yake, na yeye anaijua."

Wasikilizaji wapendwa, Ciku alituacha kabla sauti haijapatikana. Alizikwa Kibirichia. Na baada ya hapo, Kinya anasema, baba yake aliendelea kuuliza. Anapiga, anageukia jikoni, "Ni hiyo?" Anangoja kidogo. Halafu anazima. Ninyi mliowahi kuzungumza na jiko lisilo na mtu, mnajua.

Basi ikafika siku Beth alifanya sherehe ya shukrani nyumbani kwake Kibugu. Nyumba ya Beth imepakana na soko. Akampigia Mutwiri: "Shemeji, kuja na hiyo mashine. Dada yangu aliniachia laini kwa sababu yake, na mimi sijawahi kusikiza huo wimbo vizuri." Mutwiri hakutaka. Lakini nani anamkatalia Beth?

Akaenda. Akaiweka kwenye veranda, akaiwasha, akangoja ipate joto. Pale ng'ambo kinu kilikuwa kinasaga. Siku hizi ni kinu cha Njiru mwenyewe, baba alishapumzika. Taa ya veranda ilikuwa hafifu, kama kawaida ya hapo. Mutwiri akapiga wimbo wa Ciku.

Na sauti ikatoka. Ile ile. Nene, laini, yenye mkwaruzo. Kinya alikuwepo. Anasema baba yake alifumba macho na machozi yakamshuka.

Sasa Beth, kwa heshima zake, akaona kelele ya kinu inamharibia shemeji. Akavuka na aproni yake mbio, akamfokea Njiru, "Zima hiyo kitu! Huoni mzee wa watu analia?" Njiru akazima. Taa ya veranda ikang'aa. Na sauti ikaondoka. Ikawa safi, imenyooka, vile vile kama Meru, vile vile kama Kibirichia.

Mutwiri akafumbua macho. Akaitazama taa. Akatazama kinu. Kisha akapaza sauti, mzee mzima, "Washa! Njiru, washa! Endelea kusaga!"

Njiru akawasha. Taa ikafifia. Sauti ikarudi.

Ilikuwa ni kinu. Kinu kikisaga hunyonya stima ya majirani wote, na mashine ya valvu ikipata stima kidogo, sauti yake hulainika na kukwaruza. Si lori. Si kapasita. Jioni hiyo Mutwiri alimwambia binti yake, "Mimi miaka yote naishibisha, kumbe iliimba kwa sababu ya njaa." Alicheka hadi akakohoa. Halafu akasema jambo lingine, kwa sauti ndogo: "Na mama yako hakuwahi kujua."

Kinya alimwambia kuna vifaa vya kupunguza stima, anaweza kununua kimoja aweke Kibirichia. Mzee akakataa. "Sitafuti stima kidogo. Natafuta Kibugu." Na akawa anaenda Kibugu, siku za kusaga, mpaka moyo wake ulipokataa safari.

Mutwiri alifariki majuzi, mvua zilipoanza. Alizikwa Kibirichia, kando ya Ciku. Watu walimwomba Kinya, maana baba yake alimfundisha, apige gitaa kaburini. Alikataa, na wengine wakaguna. Aliwaambia, "Hapa itadanganya."

Jumamosi iliyopita akaibeba mashine hadi Kibugu. Lakini Njiru alikuwa ameshapeleka neno kwa majirani: "Kinu kitupu hakivuti stima. Mkija, mje na mahindi." Na walikuja. Mwingine debe, mwingine mkebe wa gorogoro, bibi mmoja ameshika konzi mbili za mahindi kwenye leso. Hawakuleta maua. Walipanga foleni, na Beth akasimama kwenye foleni na mahindi yake, pale pale, na safari hii hakuna aliyemwachia. Kinya akapiga wimbo wa mama yake. Beth akaita kutoka kwenye laini, bila kuulizwa na mtu, "Ni hiyo!"

Kwako Kinya, na kwako Beth, na jamaa wote wa Kibirichia na Kibugu, sisi hapa studio tunawapa pole. Mungu awashike mkono. Nawe msikilizaji, kabla hujazima kitu nyumbani kwako kwa sababu kinapiga kelele, kikohozi cha baba, cherehani ya mama, mtu anayeuliza swali lile lile kila Jumapili, hebu kisikilize kwanza.

Kinya alirekodi kwa simu. Fundi wetu, yule yule aliyekuwa akinunishwa na Mutwiri, aliniuliza kama asafishe mngurumo ulio nyuma. Kisha akafikiri, akajijibu mwenyewe. Kwa hiyo msikimbilie kurekebisha redio zenu. Mtakachosikia kwanza ni kinu.