Melkiori Mughwai na Jukwaa la Mabehewa ya Maji

Mpendwa wetu Melkiori Mughwai alizaliwa tarehe 14 Juni 1922 karibu na Ikungi, mtoto wa tatu wa mzee Mughwai Damiani na mama Marietha. Tangu utotoni hakukalia kitu kabla ya kukitikisa.

Mwaka 1932 aliingia shule ya misheni, akasoma hadi darasa la nne. Siku ya kwanza wenzake wote walikaa, yeye akabaki amesimama.

"Kaa, wewe!" mwalimu alimwambia.

"Shikamoo, Mwalimu. Bado nalitazama benchi."

Darasa zima lilicheka. Kabla ya saa sita benchi lile lilivunjika, na wanne waliocheka zaidi wakajikuta chini. Melkiori hakucheka. Aliomba nyundo.

Mwaka 1941 aliajiriwa katika reli, akajifunza useremala na uhunzi huko Manyoni. Tarehe 8 Februari 1947 alifunga ndoa na Selina, wakajaliwa watoto wanne. Mwaka 1958 alihamishiwa kituo kidogo cha kujaza maji nje ya Kintinku. Hapo mabehewa ya matangi yalijazwa maji ya kupelekwa kwenye vituo vikavu vya upande wa Itigi. Mjazaji alipanda jukwaa la mbao, akavuka kwa ubao hadi juu ya tangi, akafungua mfuniko na kuingiza mpira wa maji.

Tarehe 9 Oktoba 1967, saa nne asubuhi, rafiki yake Urbano Lazaro alimaliza kujaza tangi akawa anarudi jukwaani. Ubao uliteleza, akaangukia reli, akafa palepale. Waliokuwapo ni yeye na Melkiori tu, na wiki moja kabla ya hapo watu walikuwa wamewasikia wakigombania zamu. Polisi walimhoji Melkiori siku mbili, wakamwachia. Watu hawakumwachia. Kwenye mazishi, alipoinama kuchukua udongo, mjane wa Urbano, Elina, alimshika mkono.

"Acha, Fundi. Wewe usitie."

Hadi siku hiyo alikuwa akimwita shemeji.

Kuanzia hapo hakuna aliyetaka kusimama nyuma yake wala mbele yake. "Mimi sipandi juu na Melkiori mpaka nifungwe kamba kiunoni," alisema Chrispin, mjazaji mwenzake, na wote wakaangua kicheko. Kesho yake marehemu alimletea kamba. Chrispin aliikagua fundo kwa fundo, akaivaa, na hakuivua tena kazini.

Marehemu naye alishuku kila kitu. Alishuku viatu vya Urbano, akaenda kwa Elina kuomba kuvitazama, akafungiwa mlango. Alishuku breki za behewa. Mwisho akachukua chaki. Alichora mstari kwenye tangi tupu na mwingine kwenye nguzo ya jukwaa, ikilingana, akaacha maji yaingie. Tangi lilipojaa, springi zilibonyea na behewa likashuka vidole vitatu. Hapo alielewa. Ubao wao waliuweka sawasawa tangi likiwa tupu, kama walivyofanya miaka yote. Lilipojaa, ncha moja ilishuka, ubao ukainama na kulowa, ukangoja mguu wa mtu.

Mwezi Septemba 1968 alimwomba Elina aje kuona kwa macho yake. Alikuja na kaka yake Gabrieli, aliyeshika fimbo kwa tahadhari. Chaki ilichorwa, maji yakafunguliwa, wakatazama.

"Mstari umeshuka, hilo nimeliona," Elina alisema. "Lakini mkono wako siku ile sikuuona."

Wakaondoka. Marehemu alirudi kwenye michoro yake. Badala ya ubao alibuni daraja dogo la chuma lenye bawaba upande wa jukwaa, ncha ya pili ikilalia tangi na kushuka pamoja nalo. Aliweka vishikio pande zote mbili, na kizimba cha kumzunguka anayefungua mfuniko. Wakubwa wake waliushuku mchoro mwaka mzima. Jukwaa lilianza kazi Machi 1970, na mpaka anastaafu mwaka 1975 hakuna aliyeanguka tena. Hata familia zilipohamia kijiji cha ujamaa, yeye ndiye aliyetengeneza ngazi ya tangi la kijiji. Elina alichota maji hapo kila siku, na kila siku alitikisa ngazi ile kabla ya kuipanda.

Januari 1976 marehemu alianza kusumbuliwa na kifua, akalazwa mara mbili, akarudishwa nyumbani. Tarehe 2 Mei, mchana, Elina aliingia bila kubisha hodi. Alimsalimu Selina, akaketi karibu na kitanda.

"Nijibu, Fundi. Ulimsukuma?"

"Sikumsukuma. Lakini ubao niliuweka mimi."

Elina alimaka. "Miaka tisa! Mbona hukusema?"

"Niliogopa ungesikia la ubao, usisikie kwamba sikumsukuma." Akaanza kukohoa, akataka kuendelea.

Elina alichukua kikombe cha maji, akakinusa kwa mazoea, akamwinua kichwa. "Pumua kwanza, shemeji," alisema. Alipotoka aliwaambia watoto, "Siku ya kumzika mlisome hilo la ubao. Msilifiche. Na la jukwaa mlisome pia."

Melkiori Mughwai alifariki tarehe 6 Mei 1976, saa tatu asubuhi, nyumbani kwake, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitatu. Ameacha mjane, Selina, watoto wanne, Damari, Manase, Cecilia na Melkizedeki, wajukuu sita, na jukwaa ambalo leo asubuhi limejaza mabehewa matatu.

Kwa ridhaa ya Selina na watoto, udongo wa kwanza utatiwa na shemeji yake, Elina. Baada ya hapo, Melkiori wetu, pumzika kwa amani.