Mama Huguette na Masikio ya Antene

Bandugu, bajirani, na bote muliokuja kutushika mukono, jamaa imenituma mimi, Godefroid, mudogo wake marehemu, nisome maisha ya Yaya, dada yangu mukubwa, na nitayasoma yote, maana nimesikia munavyonong'ona kwamba binti yake hayuko hapa.

Mama Kahambu Huguette alizaliwa Lubumbashi tarehe 14 Mei 1971, binti wa baba Kasereka, mwenye malori kutoka Butembo, aliyetaka kumuachia depo ya unga, lakini yeye alipenda kufungua redio za nyumbani, na kuzifunga tena huku vis moja, skrubu ya kukazia, imebaki mezani. Alipata diplome ya sekondari mwaka 1989, uinjinia wa umeme mwaka 1996, na tarehe 8 Agosti 1998 akaolewa na mwalimu Liévin Mwila, Mungu akabapa Michelle, naye leo ni injinia katika kampuni ile ile ya antene aliyofanyia kazi mama yake.

Mwaka 2016 kampuni ilimutuma Kilwa, ile yetu ya kando ya ziwa, kusimamisha antene nane kwa mustari, za kuongea na mashua za ziwani. Antene zikipangwa hivyo zinatupa sauti mbele, lakini nyingine inatoroka pembeni, na vipande hivyo yeye aliviita masikio. Sikio moja liliangukia maternité, nyumba ya kuzalishia, na foni yao, redio ya kuitia ambulensi, ikabaki kunguruma tu, na tarehe 3 Februari 2017 mama mumoja akafa na mutoto tumboni. Yaya alilia, halafu akapunguza nguvu ya antene za mwisho-mwisho wa mustari, masikio yakanywea, sauti ya mbele nayo ikafupika kidogo, mukubwa wake wa kazi akamuamuru arudishe, akakataa katakata, akasema mashua inaweza kusogea, mwenye uchungu hawezi. Balimuondoa Kilwa, lakini antene zilibaki vile.

Figo zilianza kumusumbua Juni 2023. Tarehe 27 Februari mwaka huu, kitandani, alisikia kwamba bainjinia bapya balirudishia antene zote nguvu sawa, akamutuma Michelle Kilwa siku ile ile akazipunguze tena, barabara ikiwa matope matupu, akamukataza kurudi kabla ya kumaliza, hata akisikia nini. Alituacha tarehe 7 Machi 2025.

Basi munaouliza ni mutoto gani anakosa kuzika mama yake, mujue ametii, na analia peke yake kule.

Tunashukuru banganga ba hospitali na bauguzi, bajirani ba kartie, na benzake ba kazi. Leo saa tatu asubuhi maternité ya Kilwa iliita kwa foni, na ambulensi ikajibu.

Yaya, pumzika sasa, kwa amani.