Sabini na Kilima cha Gempal

Kwa Yu Tumi, muuza kahawa, hakuna benchi la kujivunia. Kuna ubao mrefu juu ya matofali, mkokoteni wenye jiko la makaa na birika, na vifurushi vya wali vidogo kiasi kwamba mtu mzima hula vinne na bado akalalamika njaa. Lakini ubao huo ndio bunge la mtaa mzima, na alasiri ile ya mwisho wa Shaabani ulijaa kelele kuliko watu. Mbele yake ilisimama Sabini, pikipiki ya marehemu mzee Darmo, iliyoitwa hivyo kwa udogo wa injini yake, ya cc sabini tu. Sasa injini ile ndogo ilikuwa imelazwa chini ya mkokoteni, na tumboni mwa Sabini ilining'inia nyingine, ya mia na ishirini na tano. Ponijan, mwana wa marehemu na fundi wa kuchomelea mageti, alikuwa ameinunua Jumanne kwa wauza vyuma chakavu, na toka hapo hajalala vizuri kwa furaha.

Furaha hiyo ilikuwa na tarehe. Kesho yake ilikuwa siku ya kusafisha makaburi, na kaburi la mzee liko juu kabisa ya kilima cha Gempal. Mama yake Ponijan hakutaka kusikia habari ya gari la jirani. Alikuwa akienda huko na mumewe kwa Sabini, na kwa Sabini ataenda. Mwaka jana walikwama mwanzoni mwa kilima, bibi wa watu akamalizia kwa miguu, magoti yakavimba wiki tatu. "Ikishindwa tena," alisema, "nitamwombea baba yako nikiwa mlangoni kwangu." Neno hilo lilimkaa Ponijan rohoni mwaka mzima.

— Boliti zote zimekubali! — Ponijan alisema kwa mara ya saba. — Nyuma zimekubali, juu zimekubali. Kabureta tu ndiyo iligonga fremu, nikaichongea shingo mpya.

— Ukitaka cha mvunguni sharti uiname, — alisema Dinamo, fundi redio, akiinama kuchungulia injini. — Wahenga waliiona hii.

— Waliona wapi, we? — Yu Tumi alimcheka, akitumbukiza kaa jekundu katika glasi ya kahawa, kama wanavyoipenda pale, mpaka ikalia chwaa. — Shika kahawa yako, nyamaza.

— Kabla hamjaiwasha, — alidakia Mbah Hesabu, — mmepiga hesabu?

Mzee huyu alikuwa muuza ndege, na mtaa mzima ulimwita Mbah, yaani babu, hata waliomzidi umri. Hakuna ndoa iliyofungwa pale kabla hajajumlisha siku za kuzaliwa za bwana na bibi harusi, siku ya juma na siku ya soko, kila moja na namba yake.

— Mbah, hii ni injini, si mchumba, — alisema Ponijan.

— Kitu kigeni kinaingia katika mwili wa mwenzake na kulala humo, hiyo si ndoa ni nini? Fremu ililetwa nyumbani lini?

— Baba alisema Jumamosi, siku ya soko la Kliwon.

— Tisa na nane, kumi na saba. Injini?

— Jumanne, soko la Wage.

— Tatu na nne, saba. Jumla ishirini na nne. — Mbah alifumba macho. — Watagombana kila siku ya Mungu, lakini hawataachana.

— Basi wagombane kilimani! — Ponijan alikanyaga kiki.

Sabini ilinguruma. Ndege wa Mbah waliruka vizimbani, glasi zikacheza juu ya mkokoteni, na Ponijan akaondoka akipiga kelele kama aliyeshinda uchaguzi. Watu wa ubaoni walisimama wakisikiliza mlio ukipanda, ukipanda, halafu ukikohoa. Baada ya robo saa alirudi.

— Nimefika kwenye chemchemi! Mwaka jana hatukuiona hata kwa mbali.

— Na kaburi liko wapi? — aliuliza Yu Tumi.

— Juu yake. Mara mbili ya hapo.

— Tatizo ni upepo, — Dinamo alisema bila kufikiri hata kidogo. — Hiyo ngao ya mbele, ya kuzuia matope, inazuia na upepo. Unapanda kilima umebeba mlango, kaka!

Hoja iliingia. Ngao ikafunguliwa, ikaegemezwa ukutani, Ponijan akapanda tena. Safari hii alirudi na jani la mti wa msaji mdomoni.

— Kona ya misaji! Nimefika kona ya misaji!

— Mnaona? — Dinamo alijipiga kifua. — Sasa ni uzito. Haba na haba hujaza kibaba. Kila chuma unachotoa ni haba.

— Kibaba hujazwa, Dinamo, hakipunguzwi, — alisema Yu Tumi.

— Ndiyo hivyo hivyo, kwa kurudi nyuma. Toa taa.

— Mchana taa ya kazi gani? Toa! — aliunga mkono Mbah. — Na kioo. Ukijiangalia nyuma ukipanda, unapandisha na kule ulikotoka.

— Na hii keria hapa nyuma! — Dinamo aliitikisa. — Chuma cha zamani hiki, kizito kama deni la mahari. Na hivi vya kukanyagia vya nyuma, vya nini? Mwendeshaji ana miguu mingapi?

Ponijan alikuwa amekwisha kimbilia karakana yake, hatua kumi tu, akarudi na grenda na waya mrefu wa umeme. Cheche ziliruka. Damu ilimchemka, kila kipande kilichodondoka alikiona kama hatua moja karibu na baba yake.

— Lete hiyo keria, — alisema Yu Tumi. — Birika langu linayumba tangu juzi.

Akaiweka juu ya jiko, birika likatulia sawasawa juu yake.

— Nyoa na nywele, — Dinamo alimshauri Ponijan. — Nasema kweli. Nywele hushika upepo. Na usivute pumzi unapokata kona. Hewa ya kifuani ni mzigo.

— Na Gempal kuna sumaku, — Mbah aliongeza. — Marehemu wote waliozikwa na pete zao wanavuta chuma.

— Si watuvutie juu, basi? — aliuliza Ponijan.

Mbah alifikiri. — Inategemea wamelaza vichwa wapi.

Ponijan hakungoja zaidi, akakanyaga kiki. Mlio ulipanda mpaka chemchemi, ukapita. Ukafika kona ya misaji, ukapita. Ubao mzima ulishikana mikono. Halafu kutoka juu, mbali, ikasikika honi: piiii, piiii, piiii.

— Getini! Yuko getini mwa makaburi!

Dinamo alimkumbatia Mbah, Mbah akamkumbatia Yu Tumi, naye akamsukuma. Ponijan aliporudi walimshusha wakambeba juu juu. Machozi yalimtoka, wala hakuyafuta.

— Nimegusa geti kwa mkono wangu, — alisema. — Kesho mama anafika.

Na mama mwenyewe, Mbok Sainah, alikuwa akija taratibu kwa barabara ya mtoni, kikapu cha vimkate vya vibibi vya kupeleka makaburini mgongoni. Walimsimulia wote kwa pamoja: chemchemi, misaji, geti, ndoa ya ishirini na nne.

— Ishirini na nne? — Mama alicheka. — Hata mimi na baba yako tulitoka ishirini na nne. Tuligombana miaka thelathini na minane, yeye mbele, mimi nyuma yake.

Aliizunguka Sabini polepole, akipapasa kiti kile kimoja kilichobaki, mpaka mkono wake ukaishia hewani, palipokuwa na keria.

— Sasa, mwanangu, mimi nakaa wapi?

Dinamo alitazama kilima. Mbah alianza kuhesabu vidole, akaacha.

Yu Tumi aliinua birika kwa mikono miwili akaliweka chini. Ponijan aliichukua keria juu ya jiko, ikamuunguza, hakuiachia, akakimbia nayo karakanani.

— Nipe kahawa, Tumi, — alisema mama, akiketi ubaoni. — Nimsubiri.

Yu Tumi aliinamisha birika. — Imekwisha, Mbok.

— Basi nitasubiri hivyo hivyo.