Matusi ya Liboke

Kijiwe kilikuwa mbao mbili ndefu mbele ya depo ya Kataliko, duka la jumla, pale Makiso katikati ya Kisangani, na kati ya mbao hizo alikaa Chimène na birika lake la kahawa. Vita ilikuwa imeukata mto vipande viwili mwaka ule wa elfu mbili na mbili: Kisangani mikononi mwa waasi, Kinshasa mikononi mwa serikali, na habari ya mtu aliyeshuka mto haikupanda kirahisi. Désiré, mdogo wake Chimène, alikuwa ameshuka Kinshasa na boti ya samaki kabla ya risasi kuanza, na tangu hapo kimya. Ndiyo maana Liévin, fundi wa kompyuta pale cyber ya intaneti, waliyemwita Souris, yaani panya, alitengeneza site ya majina ya watu wanaotafutwa na ndugu zao. Jina la Désiré lilikuwamo. Taabu ni kwamba hakuna aliyeifungua.

— Leo batu ngapi? aliuliza Kataliko, mwenye depo, mtu wa Butembo, ambaye kijiwe kizima kilimwita Patron.

— Mutu moja, alijibu Liévin. Ni mimi. Nilifungua kuangalia kama kuko mutu.

Chimène akamimina kahawa bila kumtazama. Kila asubuhi aliliogopa jibu hilo, na kila asubuhi alikuwa wa kwanza kutega sikio.

— Bon, kuko njia, Liévin akasema. Kuko masite ya Bakongomani ya Bruxelles na ya Kinshasa. Ile batu banasoma sana, lakini benyewe banakosa maandiko ya kutia ndani. Sisi tunabaandikia article ya muzuri, tunabapatia bure. Chini kabisa tunatia mustari moja: mwandishi iko kwa site hii. Mutu akipenda article, anabonyeza pale, anaingia kwetu.

— Bure? Kataliko akaweka kikombe chini. Mimi hata chumvi siyapatia mutu bure.

— Ni kama mama wa mawese anakuonjesha kidogo kwa kidole, Patron. Ukionja, unauliza duka iko wapi.

Hapo Kataliko akaelewa, na alipoelewa akajifanya mwandishi.

— Alors, andika bei ya sukari ya Kisangani. Mutu ya Bruxelles akisoma ile bei, atalia. Akilia, atabonyeza.

Liévin akaandika, akatuma. Hakuna aliyelia. Akaingia Papa Ruphin, aliyefanya kazi kituo cha utafiti wa kilimo cha Yangambi kabla ya vita, na kwa hiyo waliyemwita Agronome.

— Ninyi munaandika mambo ya duka. Dunia inangojea ugonjwa ya kahawa. Andika ugonjwa ya kahawa, mawaziri ya Ulaya watasoma, watauliza, ile Kisangani iko na akili namna hii, mbona banaipiga mabomu? Vita itakwisha kwa article.

— Vita ikwishe kwa majani ya kahawa? Kataliko akauliza.

— Kuko vita ilianza kwa vitu ya chini kuliko ile.

Ugonjwa wa kahawa ukapata msomaji mmoja, akaandika kuuliza kama wanauza mbegu. Kataliko akashauri waseme kumeonekana mamba anayeongea Kifaransa karibu na maporomoko. Ruphin akataka mamba aongee Kilatini, ili mapadri nao wabonyeze.

— Hapana, Chimène akasema polepole. Jina ya mudogo wangu iko kwa ile site. Musiiweke karibu na uongo.

Mamba akaachwa. Ruphin, akitaka kubadili maneno, akaanza kusifu chakula. Akasema liboke, samaki wa kufungwa kwenye majani na kuchomwa, wapishi wake wako Yangambi. Ya Isangi ni samaki wa kuungua tu. Kwao Chimène ni Isangi. Mkono wake ukasimama na birika hewani.

— Papa Ruphin, rudia.

— Ninasema ile ninajua.

— Souris, andika ile anasema, Chimène akasema. Tia na jina yake.

Liévin akaandika, akatuma. Siku zilizofuata Ruphin alikunywa kahawa bila sukari, na hakuthubutu kuuliza sababu. Kisha asubuhi moja Liévin akaja akitembea upesi kuliko kawaida yake, karatasi mkononi.

— Batu banaingia. Banaingia tangu jana. Bote ni ya Isangi na bote banatukana.

Akawasomea. Mmoja wa Liège alisema Agronome alizaliwa bila ulimi. Mwingine alimwombea apone. Kataliko alicheka hadi akashika mbao. Liévin akafika kwenye la mwisho.

— “Huyu papa hajui kula. Yaya wangu, ule dada mukubwa, kule Isangi alikuwa anatia majani ya ngai-ngai ndani ya liboke, kwa kujificha, sababu mama alimukataza. Batu ya beach, pale boti inasimama, walikuwa banaomba hata majani ya kufungia tu, balambe. Aonje ile kwanza. Désiré, Kinshasa.”

Chimène akaketi chini, pale pale vumbini.

— Soma tena pale kwa mama.

Akasoma tena. Hakuna mtu mwingine duniani aliyejua habari ya yale majani machachu; yeye na Désiré tu, na mama aliyewafuma. Machozi yalimtoka huku anacheka, na Ruphin akavua kofia kana kwamba yuko kanisani.

— Unaona, akasema Ruphin, mimi ndio nilimupata.

— Ulimutukana, Agronome, akasema Kataliko.

— Kama singemutukana angesema nini?

Wakaanza kubishana jibu liandikwe namna gani. Kataliko alitaka lianze na salamu za depo. Ruphin alitaka nafasi ya kujitetea, hasa juu ya Yangambi. Faustin, mwendesha toleka aliyesimamisha baiskeli yake hapo kwa mara ya kwanza kutafuta abiria, alisikiliza, kisha akauliza kwa adabu:

— Samahani, bapapa. Nani kati yenu alionja liboke ya Isangi na ya Yangambi, zote mbili?

Kataliko akamtazama Ruphin. Ruphin akatazama ndani ya kikombe chake. Souris akakunja karatasi.

Chimène akainuka, akajipangusa vumbi, akafunika birika.

— Kahawa imekwisha, akasema. Souris, twende kwa cyber.

Akaondoka na birika lake, na wote wakasikia kahawa ikichezacheza ndani yake, karibu nusu.