Misalaba ya Fundi Randa

Kila asubuhi, kabla ya kugusa chai, Fundi Randa alipitisha kidole gumba juu ya misalaba aliyoimaliza jana yake, akitafuta kibanzi. "Mfiwa ataushika huu," alisema. "Tusimchome mara ya pili."

Marehemu, ambaye jina la Randa alipewa na wateja hata wanawe wakalizoea, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1944, mtoto wa tatu wa mkulima na mshona nguo. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la sita, baba yake alipofariki. Mjomba wake, seremala, akamchukua karakanani. Msalaba wa kwanza aliouranda kwa mikono yake ulikuwa wa baba yake.

Mwaka 1968 alifungua karakana yake mwenyewe, nyuma ya stendi ya mabasi. Mteja hakuulizwa vipimo kwanza, aliulizwa, "Marehemu alikuwa akisali wapi?" Wakatoliki aliwachongea msalaba wenye sanamu ya Bwana, wakumbuke kwamba aliteseka. Walutheri aliwapa mtupu, kwa kuwa amefufuka. Waothodoksi walipata wenye mbao tatu za kukingama, ya chini imelala mshazari. Wapo waliotaka duara katikati, ishara ya uzima usio na mwisho; hilo duara lilimtoa jasho kuliko yote.

Siku moja, kukiwa na mazishi mawili, alikosea kupakia, msalaba wenye sanamu ukaenda kwa Walutheri. Alipofika mbio na ule wao, mzee wa kanisa alikuwa ameshaanza kuung'oa. Mjane akamzuia: "Mzee, Bwana kaja mwenyewe msibani kwangu, wewe unamfukuza?" Ukabaki palepale. Fundi akarudi na ule mtupu begani, kuwachongea Wakatoliki mwingine.

Mwaka 1971 alifunga ndoa na muuguzi, Mlutheri, yeye akiwa Mkatoliki. Kila mmoja alibaki kanisani kwake, na juu ya kitanda walitundika misalaba miwili. "Baba watoto, wako hujamshusha tu mpaka leo?" bibi alimtania. "Na wewe wako ulimshusha ulikuwa na haraka gani?"

Miaka mitatu iliyopita mapafu yalianza kumsumbua. Daktari alilaumu vumbi la mbao. Mwaka huu alipozidiwa, watoto, nao wamegawanyika kati ya makanisa hayo mawili, walianza kunong'ona, kisha kugombana, juu ya msalaba wa kaburi lake. Mwana wa kwanza alisema bila sanamu hakanyagi makaburini. Dada yake alisema ikiwapo sanamu, yeye ndiye hakanyagi. Wakaacha kusalimiana, wakipokezana zamu kando ya kitanda cha baba yao.

Alifariki Jumanne tarehe 12 Machi 2024, nyumbani, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe. Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu tisa na kitukuu mmoja. Mungu ampe usingizi mtulivu.

Msalaba mnaouona leo una sanamu, na aliyeuchagua ni bibi, Mlutheri tangu ubatizo wake. Kaka na dada wamesimama hapa pamoja. Wiki ile ya mwisho, mjukuu aliyekuwa akimsomea Zaburi alifunga kitabu, akathubutu kumuuliza kwa sauti ya chini, "Babu, wewe mwenyewe unautaka upi?"

"Muulize bibi yako," alisema. "Mimi nitakuwa nimelala. Wa kuja kuutazama ni yeye."