Mwalimu Mwelu, Aliyetaka Karatasi Isomwe kwa Sauti

Wachungaji, masheikh, walimu wenzake, jamaa na majirani, familia inawashukuru kwa kuketi nasi tangu Jumatatu, na imenipa mimi, mdogo wake wa mwisho, kazi ya kuwasomea maisha ya dada yetu, Mwalimu Damaris Mwelu Wambua, ambayo sehemu yake aliiandika mwenyewe, nami nimeongeza yale ambayo hakupenda kuyasema.

Mwalimu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 huko Kangundo, mtoto wa tatu wa Mzee Wambua na Mama Mbula, na mwaka wa 1965 aliletwa pwani ndani ya lori, juu ya magunia ya mbegu, baada ya baba kugawiwa na serikali ekari kumi na mbili katika mashamba ya makazi upande wa Shimba Hills. Alisoma shule ya msingi huko huko, akasoma sekondari Waa kuanzia 1973 hadi 1976, akahitimu ualimu mwaka wa 1979, na Januari 1980 akaanza kufundisha Ramisi, ambako watoto wa wakata miwa walimwita Mwalimu Mrefu, jina ambalo alijifanya halijui.

Tarehe 18 Agosti 1984 alifunga ndoa na Bwana Kaingu Mwero, fundi wa mitambo katika kiwanda cha sukari, ambaye alitutangulia mwaka wa 2009, na Mungu akawajalia binti mmoja, Kache, aliyezaliwa tarehe 2 Mei 1986.

Septemba 1992 kanisa lilimpeleka Kanada kwa miaka miwili, kusaidia kufundisha katika shule ndogo ya Wakrii, ambao ni mojawapo ya mataifa ya watu wa asili wa bara la Amerika, waliokuwako kabla Mzungu hajatia mguu. Alimwacha Kache, mwenye umri wa miaka sita, kwa baba yake, akapanga chumba kwa bibi mmoja mjane aliyeitwa Beryl, na kwa miezi mitatu ya mwanzo bibi huyo hakumwambia neno zaidi ya salamu, kwa sababu kila mgeni aliyeletwa na kanisa alimtilia shaka.

Siku moja mchana, wakimenya viazi, Beryl alimwuliza binti yake ana umri gani, na aliposikia ni miaka sita akaweka kisu chini, akamweleza kwamba Beryl si jina lake, ni jina alilobandikwa shuleni. Babu zake walipukutishwa na ndui iliyokuja na wageni, nyati waliowategemea kwa chakula na mavazi wakauliwa wakaisha, kisha njaa ilipowabana wakaletewa mkataba, wakausikia kwa mdomo wa mkalimani, wakatia alama, na baadaye wakaonyeshwa kipande kidogo cha ardhi wakaambiwa msitoke hapa. Yeye mwenyewe, akiwa na miaka sita, alichukuliwa pamoja na mdogo wake wa kiume wakapelekwa shule ya bweni ya kanisa, mbali, wakanyolewa, wakapigwa kila waliposema lugha ya mama yao, na yule mdogo wake akafia huko, na hadi siku ile ya viazi hapakuwa na mtu aliyewahi kuionyesha familia kaburi lake.

“Watu hudhani walikuja na bunduki,” Beryl alimwambia. “Kwetu walikuja na biskuti. Baba alifurahi.”

Dada alirudi Agosti 1994 akiwa mtu mwingine, na sisi wa nyumbani tulichoka naye. Hakuna karatasi iliyopita mbele yake bila kusomwa hadi nukta ya mwisho, hata kadi ya harusi, na mgeni aliyefika shuleni na zawadi alikalishwa kwanza akaulizwa ametumwa na nani, anataka nini, na atarudi lini kwao. Wapo waliosema ana kiburi cha ng'ambo, nami nilikuwa mmoja wao.

Mwaka wa 2014 wageni wa shirika moja kutoka Ulaya walifika kijijini kwetu nje ya Msambweni, wapole, wamejifunza salamu zetu zote, wakagawa sare na mipira, wakasema wanatafuta watoto wa kusomeshwa bweni, nje ya kaunti, hadi wamalize. Jumamosi tarehe 8 Februari wazazi waliitwa uwanjani kutia sahihi, na Mwalimu akasimama, akaomba karatasi isomwe kwa sauti, kwa Kiswahili. Kiongozi wa wageni alitabasamu akasema ni mambo ya kawaida ya ofisi, yatawachosha wazee. Mwalimu akaichukua akaisoma mwenyewe, na alipofika kifungu cha tisa akakirudia mara mbili: kwamba mzazi anaacha mamlaka yote juu ya mtoto, na shirika linaweza kumhamishia popote, ndani au nje ya nchi.

Aliyemjibu hakuwa mgeni, alikuwa jirani yetu Zainabu, ambaye binti yake Subira alikuwa katika orodha.

“Mwalimu, kwa heshima yako,” alisema, “wa kwako amesoma, ana kazi. Wetu wabaki hapa wakivunja kokoto? Na wewe unayetuonya na wageni, baba yako alipewa ardhi ya nani?”

Dada alimgeukia na ile karatasi mkononi.

“Ya kwenu, Mama Subira,” alisema. “Sisi tulikaa juu ya karatasi ambayo nyinyi hamkusomewa. Ndiyo maana nakuomba hii uisomewe.”

Akaketi. Wazazi wa watoto tisa walitia sahihi siku ile. Zainabu aliomba iongezwe sentensi moja tu, kwamba atamwona mwanawe kila mwezi, yule mgeni akasema hilo haliwezekani, naye akarudi nyumbani na mtoto wake, akilia, na kwa wiki nzima hakumsalimu dada.

Basi liliwachukua watoto Jumatatu tarehe 3 Machi, na kabla mwezi huo haujaisha simu za wageni hazikupatikana tena. Walioanza kuwatafuta walikuwa Mwalimu na Zainabu, pamoja, ofisi hadi ofisi, kwa miezi kumi na mitano, na Juni 2015 watoto saba walipatikana katika nyumba mbili tofauti na kurudishwa kwa wazazi wao, mmoja akiwa ameshazoea jina jingine, akiitwa la kwake hageuki. Wawili walikuwa wamesafirishwa nje ya nchi. Wako waliosema Mwalimu alijua mapema kuliko alivyosema, la sivyo angejuaje, na maneno hayo yalimfikia. Mimi aliniambia kwamba kosa lake lilikuwa jingine: miaka ishirini alimshuku kila mtu, wabaya na wema sawasawa, hata siku aliyohitaji kusadikiwa, watu wakaona ni tabia yake tu.

Alistaafu mwaka wa 2018. Machi 2022 alianza kuugua figo, akawa anasafishwa damu katika hospitali ya rufaa ya Msambweni, Zainabu akimsindikiza kila mara dada zake tuliposhindwa, na Jumatatu tarehe 19 Agosti 2024, saa nne asubuhi, akatutoka, akiwa na umri wa miaka sitini na sita. Ameacha binti, wajukuu wawili, na sisi ndugu zake wanne.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia kwa maswali yake, walimu wa Ramisi, majirani Waislamu na Wakristo waliochimba kaburi hili bega kwa bega, na Mama Subira, ambaye tumekosa neno la kumpa.

Mwalimu aliagiza jambo moja lisomwe hapa. Feisal Abdulrahim, aliyezaliwa tarehe 11 Juni 2006, na dada yake Yusra, aliyezaliwa tarehe 30 Oktoba 2008, bado hawajarudi, na baba yao ameketi nasi hapa leo. Yeyote mwenye habari zao, hata ndogo, asiondoke bila kuzungumza naye.

Lala salama, dada yangu. Mapumziko umeyastahili.